Maria Mikononi mwa Keji

Tulikuwa tunaosha masufuria ya matanga, Keji na mimi, nyuma ya nyumba ya Mama Mkubwa pale Ediofe, mjini Arua, nilipogundua kwamba bado ninamwonea wivu. Mama Mkubwa, dada yake mkubwa mama yangu, alikuwa amezikwa juzi yake, na nilidhani kilio kingekuwa kimeyaosha mambo madogo yote. Hakikuosha kitu. Keji alikuwa mjamzito, amekaa kwenye kigoda na miguu ameitanua kulipa tumbo nafasi, anasugua masizi kwa mchanga, na kila mwanamke aliyepita alimshika bega akamwuliza kama amekula. Mimi nilisugua sufuria langu na hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nimekula, tena vizuri, wali na maharage na kipande cha nyama kilichonishinda. Hata hivyo nilikaa pale nikisubiri mtu aniulize, na nilipoona hayupo nikaanza kutafuta sababu: labda kwa kuwa nimekuwa mwembamba siku zote na watu wamezoea, labda kwa kuwa nilichelewa kufika kutoka Koboko na wameudhika, labda uso wangu una kitu. Ndivyo nilivyo. Mtu akinisalimu kwa sauti ya chini, nalala nikiitafuta maana yake.

“Sifa,” Keji aliniambia, “hiyo sufuria iko safi zamani. Sasa unaitoboa.”

Nikaliweka chini. Ilikuwa mwisho wa Novemba, vumbi la kiangazi limeshaanza kukaa juu ya majani ya migomba, na kengele ya kanisa kuu ililia pale mlimani kama ilivyokuwa ikilia mwaka ule ninaotaka kuusimulia, mwaka niliomaliza chuo Kampala nikarudi Arua. Nilirudi na digrii ya utawala, begi moja la nguo, na viatu vyeusi vya kisigino ambavyo nilivivaa siku ya mahafali tu. Nilivirudisha ndani ya boksi lao, nikalifunga kwa uzi, nikalisukuma chini ya kitanda, na nikaapa sitavivaa tena mpaka siku nitakapoitwa kwenye usaili wa kazi. Kiapo kile nilikiona cha busara. Nilimweleza Mama Mkubwa, naye akaniambia niende kuchambua mchele.

Chumba chenyewe ndicho ninachokikumbuka kuliko kitu chochote. Kilikuwa chumba cha wageni, na kitanda kilikuwa kimoja, nami nilikilalia pamoja na Keji. Yeye hakuwa ndugu yangu wa damu. Alikuwa mtoto wa kaka yake marehemu mume wa Mama Mkubwa, Mkakwa wa Lurujo kule Koboko, na alikuja Arua kujifunza cherehani kwenye baraza moja karibu na soko. Ukutani kulikuwa na rozari juu ya msumari na kalenda ya zamani iliyobaki kwa sababu ya picha yake. Dirisha lilitazama jiko la nje, kwa hiyo moshi uliingia, na maneno yaliingia. Keji alikuwa akilaza kichwa na kupotea papo hapo. Mimi nilibaki nimeangalia bati, simu kifuani, nikirudia barua zote za maombi nilizotuma na kujiuliza kama kwenye ile moja nimeandika “Ndugu” mahali pa “Mheshimiwa”. Pumzi yake ilikuwa ndefu na ya sawasawa. Hakuna sauti iliyowahi kunichokoza kama ile. Nilikuwa na digrii, naye alikuwa na shati moja alilolikosea kola, na ni yeye aliyelala.

Kabla ya Majilio kuanza, yale majuma manne ya kuingojea Noeli, Mama Mkubwa alituita sebuleni. Mwanawe Lado, aliyekuwa akifanya kazi Juba, alikuwa anarudi mwezi wa kwanza na mkewe mpya.

“Hii chumba itakuwa yao,” alisema. “Mutu mmoja atabaki na mimi hapa, atalala sebuleni. Mwingine ataenda Koboko kuangalia duka ya vitenge. Yule dada aliye kule anaolewa.”

“Nani atabaki?” niliuliza.

“Nitasema siku ya Noeli.”

“Kwa nini si leo, Mama Mkubwa?”

“Sababu bado sijajua. Na weye ukijua leo, utaanza kulia leo.” Kisha akatugawia karanga za kubangua. “Majilio ni ya kungoja. Mungoje na hiyo pia.”

Keji alisema, “Iko sawa, Mama,” akaanza kubangua. Mimi sikuona sawa yoyote. Ofisi zilikuwa Arua. Mtu akinipigia simu asubuhi kwamba nifike saa nane, nitafikaje kutoka Koboko? Na zaidi ya ofisi kulikuwa na jambo ambalo sikulitamka: mimi nilikuwa wa damu. Mama yangu na Mama Mkubwa walinyonya ziwa moja. Ikiwa atamchagua mtoto wa shemeji yake akaniacha mimi, basi hata damu haina kazi, kama digrii. Ndivyo nilivyoingia kwenye Majilio ya mwaka ule, nikiwa ninangoja jina moja litamkwe, na nikimhesabia Keji kila tabasamu alilopewa.

Jumuiya yetu ndogo pale Ediofe ilikuwa ya Wakongo zaidi, wafanyabiashara waliovuka mpaka wakati wa vita wakabaki. Walivuka na sanamu zao. Kanisa lao la kule lilikuwa na Maria, Yosefu na Mtoto waliochongwa kwa mti wa mvule, Maria kimo cha chupa ya soda, Mtoto mdogo kama gunzi la mahindi. Siku ya kukimbia wanawake waligawana. Mmoja alipewa Maria, mwingine Yosefu, wakawafunga ndani ya mizigo yao. Mtoto aliingizwa kwenye furushi la mtu ambaye hakuambiwa. Wazee walifikiri kwamba njiani kuna askari, na mtu anayejua amebeba kitu hutembea kama mtu aliyebeba kitu. Aliyembeba Mtoto atembee bila woga, basi asijue.

Kutokana na safari ile ikatokea desturi. Kila Majilio Maria na Yosefu wanatembezwa jioni kwa jioni kutoka nyumba hadi nyumba, na kila nyumba inawapokea kama wageni waliotoka mbali: beseni la maji ya miguu, mkeka, sahani ya chakula ambayo watoto hugombania baadaye. Mtoto haonekani. Amefichwa kwenye nyumba fulani, katika vitu vya mtu fulani, naye mwenyewe hajui. Kina mama wawili tu ndio wanaojua, na mwaka ule walikuwa Mama Mkubwa na jirani yake Mama Bahati. Asubuhi ya Noeli mwenye kumtunza huambiwa achukue kitu fulani, anakifungua, na hapo ndipo anamwona. Kwa mwezi mzima kila mmoja anajiuliza kama ni yeye, na ni mwiko kupekua.

Mtu wa kumbeba Maria huchaguliwa na akina mama, na walimchagua Keji. Hakuna aliyeniuliza mimi. Alimbeba mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyojua kubeba, na wale wazee badala ya kumkosoa walicheka mpaka wakashikana mikono. “Maria amepata mama,” Mama Bahati alisema. Mimi niliwekwa nyuma na kiti cha plastiki, kile ambacho sanamu zingewekwa juu yake zikifika. Jioni nzima nilitembea katika vumbi la Ediofe na kiti kichwani nikiangalia kichwa kidogo cha mvule kikichungulia juu ya kitenge cha Keji. Nilifikiri kila kitu kinachoweza kufikiriwa. Kwamba angeshikwa mbele, kwa heshima. Kwamba mimi ndiye niliyesomea shule ya masista na ninajua litania yote. Kwamba ningembeba mimi ningejikwaa, na hilo pia lilikuwa kweli, na ndilo lililouma. Nyumba ya kwanza ilipofunguliwa mlango, mwenye nyumba alipiga magoti akamnawisha Maria miguu iliyochongwa pamoja na gauni lake, akasema, “Karibu, mama, umechoka.” Nilimwonea wivu hata Maria wa mti. Yeye alikuwa hana mahali, lakini kila jioni mtu alimfungulia.

Mchana mmoja nilikuwa chumbani nikijifanya nasoma, Mama Mkubwa na Mama Bahati wakiwa jikoni wanatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Sauti ya mchi ilisimama, halafu nikasikia Mama Bahati.

“Umeshaamua?”

“Bado.”

“Mimi ningebakisha huyu mukakwa. Iko na mikono. Yule wa digrii anaogopa hata kuku.”

“Anaogopa jogoo tu,” Mama Mkubwa alisema. “Yule jogoo wako ni mubaya, hata mimi namuogopa.”

Wakacheka. Mchi ukaendelea. Nilikaa kitandani nikijaribu kuyapima maneno yale: amenitetea, au amekubali kwamba naogopa? Alisema “bado”, lakini bado ya mtu anayejua, au bado ya mtu asiyejua? Keji aliporudi jioni na harufu ya mafuta ya cherehani mikononi, nilimwangalia akivua kitambaa kichwani na kukitundika, na nikaona tayari amekuwa wa nyumba ile. Hata msumari ulikuwa wake. Akafungua sanduku lake la vitambaa mbele yangu kutafuta sindano, na wazo likanijia kwamba Mtoto yumo mle. Bila shaka yumo. Amepewa mama, atanyimwaje mtoto? Nikageukia ukutani.

Jumapili ya tatu ya Majilio tulikwenda Lurujo. Mama yake Keji aliomba wageni wale, Maria na Yosefu, wafike na kwake mara moja, na akina mama wakakubali. Kwanza tulisimama Koboko mjini kwenye kibanda cha Mama Zaitun, Mnubi aliyesuka mikeka na vikapu vya rangi, kwa sababu duka la vitenge la Mama Mkubwa lilikuwa mlango wa pili. Niliangalia duka lile kama mtu anavyoangalia gereza ambalo huenda akawekwa. Lilikuwa na rafu tatu na mlango wa bati, na mbuzi amelala mlangoni. Mama Zaitun alitoka na mkeka mdogo, upana wa viganja viwili, nyekundu na kijani.

“Huu ni wa nani?” Mama Mkubwa aliuliza.

“Wa Bi Mariamu. Kila mwaka nasikia mnamlaza juu ya kiti ya plastiki. Si vizuri mama mzazi.” Akampa Keji. Akampa Keji, mimi nikiwa nimesimama na kiti chenyewe.

Lurujo walitupikia ugali wa muhogo na mtama na majani ya kunde yaliyotiwa karanga, na tulikula uani penye kivuli cha ghala. Walikuwa watu wengi, na kila mmoja alikuwa na neno la kumwambia Keji kwa Kikakwa, na yeye alijibu huku amempakata Maria kana kwamba ni kawaida yake kula na sanamu mapajani. Mama yake, mwanamke mrefu aliyejua Kiswahili kidogo, aliona ninakula polepole akahurumia ukimya wangu.

“Wewe nasoma mingi,” alisema. “Sasa nafanya nini?”

“Ninangoja, mama.”

“Nangoja nani?”

Nilimega ugali mwingine.

“Anangoja simu,” Keji alisema, na ua mzima ukacheka, na mama yake akanimiminia mchuzi mwingine. Keji hakuwa na ubaya. Hilo nalijua sasa, na nadhani nililijua hata pale. Lakini tuliporudi Arua sikusema naye siku nzima, na yeye alidhani naumwa tumbo akanichemshia maji ya tangawizi. Nikayanywa. Yalikuwa matamu, na nikamchukia kwa hilo pia.

Asubuhi ya Noeli nyumba ilinuka iliki na nguo zilizopigwa pasi ya mkaa. Pango la jumuiya lilikuwa uani kwa Mama Bahati, matete na nyasi kavu, na hori tupu lililotengenezwa kwa ubao wa sanduku la sabuni. Watu walikuwa wameanza kukusanyika pale kabla ya kupanda kwenda misa. Nilikuwa nimevaa gauni langu na ndala safi.

“Sifa,” Mama Mkubwa aliita kutoka sebuleni. “Vaa vile viatu vyako.”

“Viatu vipi?”

“Vile vya visigino.”

“Mama Mkubwa, vile ni vya usaili.”

“Leo ni Noeli. Vaa viatu.”

“Niliapa…”

“Uliapa kwa nani? Kwa boksi?”

Keji alicheka akiwa ameshika sindano ya nywele mdomoni. Nilipiga magoti nikavuta boksi kutoka chini ya kitanda, na nilifungua uzi kwa hasira, nikiwaza kwamba mwaka wangu wote umeishia hivi, kuvaa viatu vya kazi kwenda kanisani kwa kuwa kazi haikupatikana. Fundo halikuwa lile nililolifunga mimi. Niliona hilo kabla ya kuona kitu kingine. Ndani, kati ya kiatu cha kulia na cha kushoto, kulikuwa na kitu kimefungwa kwa kipande cha kitenge cha zamani cha Mama Mkubwa, na nilipokishika kilikuwa na uzito wa gunzi la mahindi.

Alikuwa amelala pale mwezi mzima, chini ya mgongo wangu. Jioni zote nilizobeba kiti nikimtamani mama yake, nilirudi nikalala juu yake. Ningependa kuandika kwamba nililia kwa imani. Furaha yangu ya kwanza ilikuwa ya kumgeukia Keji. Nilisimama na Mtoto mkononi, nikamwonyesha, nikisubiri nione uso wake ukibadilika kama wangu ulivyokuwa ukibadilika tangu Majilio yaanze.

“Eh,” alisema. “Kumbe ni weye.” Akatoa sindano mdomoni, akapiga makofi, akakimbia nje kuwaambia watu. Hakuona wivu hata kidogo. Nilibaki chumbani na ushindi wangu bila mtu wa kuushinda.

Nilimlaza horini mbele ya wote, juu ya mkeka wa Mama Zaitun. Halafu misa nzima nilifikiri. Hesabu yangu ilikuwa wazi: Mama Mkubwa ndiye anayeficha, Mama Mkubwa amenipa mimi, kwa hiyo nitabaki mimi. Nilipanga hata mahali godoro langu litakapokaa sebuleni, mbali na mlango kwa sababu ya upepo. Nilimsamehe Keji. Nilikuwa tayari kumzawadia boksi la viatu aweke nyuzi zake.

Tulikula mchana, kuku na sombe na wali, Mama Bahati na watoto wake wakiwa pamoja nasi. Kumbe kuku yule alikuwa jogoo mbaya, na kila mtu alisema ananistahili mimi, nikapewa paja lake. Mama Mkubwa alinawa mikono, akaifuta.

“Keji atabaki na mimi,” alisema. “Sifa ataenda Koboko.”

Paja lilibaki mkononi. Nilisema jambo ambalo sijasahau, mbele ya wageni. “Lakini Mtoto ulinipa mimi.”

“Nilikupa. Ndiyo sababu.”

“Sababu gani?”

“Keji bado anajifunza. Akitoka sasa, atakuwa mutu wa kola mbaya maisha yote. Weye ulishamaliza.” Alivuta pumzi. “Na sikujua kama utaweza kuishi Koboko peke yako na kichwa yako hiyo. Ndiyo nikakuwekea Mtoto, niangalie. Ukabeba mwezi muzima, hukuvunja, hukuanguka.”

“Sikujua ninambeba.”

“Ndiyo hivyo.”

“Ungeniambia, Mama Mkubwa.”

“Ningekuambia ungefikiri mpaka ungemuvunja.”

Mama Bahati alikohoa kuficha kicheko. Mama Mkubwa hakucheka. Alinisogezea mchuzi akasema kwa sauti ya chini kwamba siku ile ya kukimbia Maria alipewa dada yake, yaani mama yangu, na yeye alitembea nyuma yake njia nzima na furushi la unga, amenuna, akimwonea wivu mpaka Arua. Alipokuja kukanda unga ndipo alipokutana na Mtoto. “Nilikasirika,” alisema. “Nikasema, kumbe ndiyo sababu ilikuwa nzito.”

Nilikwenda Koboko mwezi wa kwanza na nililia, tena sana, na mbuzi wa mlangoni akaniangalia. Siwezi kusema kwamba mara moja nilielewa. Wiki nyingi niliwaza Keji akilala sebuleni, akiulizwa kama amekula. Halafu asubuhi zikaanza kuwa na kazi. Wateja walitoka Midia wakitaka kitenge cha harusi na hawakutaka kujua kama nimeamka na wasiwasi. Walitaka kujua kama rangi inatoka. Mama Zaitun alinifundisha kukadiria mteja kwa viatu vyake. Simu ya usaili ilikuja siku moja, na nilikwenda, na viatu vilinibana, na kazi alipewa mwingine. Nilirudi dukani jioni ile, nikamfukuza mbuzi, nikafungua mlango wa bati, na nikagundua kwamba ninajua bei za vitu vyote bila kufikiri. Bado niko pale. Rafu zimeongezeka. Usingizi wangu haujaongezeka sana.

Ndivyo tulivyofika kwenye masufuria ya matanga. Keji sasa ana cherehani zake mbili na mume mpole, fundi wa magari, na nyumba ya kupanga karibu na ile ya Mama Mkubwa. Tulipomaliza alikausha mikono kwenye gauni, na sahani ya mwisho ikamteleza ikavunjika. Aliitazama kama mtu aliyepewa habari. Keji niliyemjua angeicheka.

“Ile ya kwanza ilitoka, unajua,” alisema, na mkono ukaenda tumboni. Nilijua, niliambiwa, nilituma pole kwa simu. “Hii nayo, kila ikinyamaza kidogo, mimi naamka. Mume wangu iko analala, mimi naangalia bati. Nimekuwa kama weye.” Aliokota vipande. “Sifa, ulikuwa unafanya nini, kile kitanda chetu, ukikosa usingizi?”

“Nilikuwa nakusikiliza ukilala.”

“Miaka yote nilidhani unaomba.”

Kabla sijaondoka Mama Bahati aliniita nyuma ya choo, mahali pasipo na heshima lakini pasipo na masikio. Amezeeka, jicho lake moja tu ndilo linaloona. Alinipa kitu kimefungwa kwa kile kitenge cha zamani. “Mama yako mukubwa alisema ni weye utaficha sasa, sababu mimi siko napanda tena kwa watu.”

“Nimfiche kwa nani?”

“Usiniambie. Utaniambia Noeli.”

Nilifikiri, bila shaka. Nilifikiri nikiwa nimesimama pale, nikiwa nakunywa chai ya kuagana, nikiwa nakusanya begi langu. Nikapitia jumuiya yote mtu kwa mtu na kwa kila mmoja nikapata kasoro. Mwisho nilikwenda kwa Keji kumuaga, na wakati anatafuta mfuko wa kunifungia mandazi nilifungua boksi la vifungo vya sare za shule, ambalo haligusi mpaka mwezi wa kwanza wazazi wanapoanza kuleta vitambaa, nikamlaza Mtoto chini ya vifungo. Hapo sikufikiri. Sikupata muda.

Sitampa kurasa hizi azisome mpaka Noeli ipite. Alinisindikiza hadi mlangoni na mkono mmoja kiunoni, na nyuma yake nikaona meza ya cherehani, taa, mandazi, boksi limekaa mahali pake.

“Unaangalia nini?” aliniuliza.

“Nyumba yako ni nzuri.”

“Nenda, utachelewa. Na usianze kufikiri njiani.”

Nilifikiri njia nzima. Ndani ya nyumba ile mna watoto wawili wanaongojwa, na yeye anamwogopea mmoja tu. Yule mwingine anatembea naye kutoka meza hadi kitanda bila kujua, na hatajikwaa, kwa kuwa hajui. Mimi sasa ndiye ninayejua. Ninalala Koboko na macho wazi nikijiuliza kama nilifunga vizuri kile kitenge, kama panya hula mvule, kama mteja mmoja mwenye haraka hatakuja mapema kutafuta kifungo. Na yeye yuko kule naye, karibu hivyo. Namwonea wivu.